Mtu Aliyetanguliza Miguu

Nilichokichukia kwanza ni kiti. Si mtu, kiti. Kilikuwa kimesukwa kwa tyubu za baiskeli zilizokatwa vipande vyembamba, zimepishana kama kitanda cha kamba, na kilimshika mtu kuanzia kiunoni mpaka mabegani. Wakati ule nilikuwa fundi baiskeli pale Gungu, mwaka wa kumi nipo kwenye kazi hiyo. Tyubu mbovu zilizopita mikononi mwangu hazina idadi. Nyingine nilizikata za kufungia mizigo, nyingine za kuwashia moto, nyingine nilizitupa tu. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu anaweza kuzisuka akazilalia. Nikakitazama kile kiti, roho ikaniuma, nikasema huyu mgeni ametumia takataka zangu kunionyesha kwamba mimi si fundi.

Tulimwita Mwalimu. Jina lake nalijua, na kilima alikozaliwa alikitaja mara nyingi, lakini habari hizo wanazo waliomwandikia kadi ya chakula kambini. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, watu wanashushwa bandarini na kupakiwa kwenye malori, na mjini huwezi kununua fungu la dagaa bila kusikia Kirundi nyuma yako. Huko kwao alifundisha shule ya msingi. Hapa kwetu hakufundisha darasa lolote, ila cheo kilimganda naye akakivaa: shati la mikono mirefu, kifungo cha juu kimefungwa hata kwenye jua la saa saba, chaki mfukoni. Alipewa kibali cha kutoka kambini aje mjini kutibiwa mgongo. Akapanga chumba kwa mama mmoja mjane nyuma ya kanisa, na kutwa yake ikawa kwenye banda letu, la baba yangu na mimi.

Mgongo ndio ulioleta yote. Alipokuwa anakimbia kwao aliteleza kwenye korongo na mzigo kichwani, na tangu hapo hakuweza kukaa kwenye siti ya baiskeli hata kwa mwendo wa kufika sokoni. Mtu mwingine angetembea. Yeye akaomba fremu mbili mbovu za Kichina zilizokuwa zimelala nyuma ya banda, akazipima kwa kamba, akaenda nazo kwa fundi wa kuchomelea, akarudi na kitu ambacho watu wa Gungu walikizunguka kutwa nzima. Gurudumu la nyuma kubwa, la mbele dogo, la baiskeli ya mtoto. Pedeli zimewekwa mbele kabisa, zimelitangulia gurudumu. Mtu analala nusu chali, miguu mbele, usukani uko chini ya mapaja, na cheni inapita chini ya kiti, cheni mbili na nusu zimeungwa kuwa moja.

"Mwalimu," baba alimwuliza, "na hii utapanda nayo mlima?"

"Mzee, hii haipandi mlima. Hii inaubembeleza."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Barabarani hakuipeleka kabisa. Barabarani kuna malori, na kuna askari. Vijia vya miguu ndivyo vilivyokuwa vyake, vile vinavyoshuka kutoka Gungu hadi Ujiji na kuvuka bonde la Luiche mpaka kwenye mashamba ya michikichi upande wa Simbo, njia za wabeba mawese na kina mama wa kuni. Ni njia za mawe, mizizi na mchanga. Tabia zake za njiani nilizijua zote, maana wivu humfanya mtu awe mwanafunzi mzuri. Kwenye mteremko alijifunga miguu kwenye pedeli kwa mpira ili isiruke. Kwenye majani marefu alifumba jicho moja, akasema la pili ni la akiba. Penye tawi lililoinama, ambapo sisi tulioketi juu tulishuka tukasukuma, yeye alipita chini yake bila kupunguza mwendo, akatungoja upande wa pili na kutukaribisha utadhani ni kwake.

Kupanda ndiko kulikomtesa. Kwenye baiskeli ya kulala huwezi kusimama juu ya pedeli ukatia uzito wa mwili. Una miguu yako tu na kiti nyuma ya mgongo. Basi alipanda taratibu mno, mpaka wanawake wenye kuni kichwani wakampita wakimcheka, naye anawajibu, "Buhoro buhoro ni rwo rugendo." Maana yake, polepole ndio mwendo. Neno hilo alilisema kutwa mara ishirini, na baba yangu, Mmanyema wa Ujiji asiyejua Kirundi hata cha kuombea maji, naye akaanza kulisema. Lilinikera kupita kiasi.

Ila mteremko ukianza, buhoro buhoro ilikwisha. Yule mtu mpole wa kifungo cha juu aliachia breki akashuka kama jiwe, anaimba wimbo wa kanisani. Nikamwuliza siku moja, polepole yako imekwenda wapi? Akasema polepole ni ya kwenda, na mteremko si kwenda, mteremko ni kupokewa. Watu waliokuwepo wakalipenda sana jibu hilo. Mimi nikamwambia akivunjika shingo asitegemee nimbebe.

Chaki nayo ilikuwa na kazi. Kila alipopita alisimama penye jiwe baya akalipiga alama ya mkasi, na penye kona nzuri akapiga alama ya vema, kana kwamba anasahihisha daftari. Mwanzoni watu walicheka. Baada ya mwezi wabeba mawese walikuwa wanazitazama zile alama kabla ya kutia mguu. Siku moja nilifuta mkasi mmoja kwa kiganja, kwenye jiwe la kushukia Luiche. Nilitaka tu watu waone kwamba chaki ni chaki. Kesho yake mbeba mawese alipinduka pale, madumu yote mawili yakamwagika, na yule bwana akakaa chini kwenye mafuta yake akilia, mtu mzima. Mwalimu alipopata habari alikwenda akapiga mikasi miwili pale pale, akajilaumu kwamba ya kwanza hakuikoleza. Nilimsikia akijilaumu, nikaendelea kukaza spoku.

Ujiji ndiko alikoleta kasheshe. Siku ya kwanza kupita mtaa wa msikitini, wazee walikuwa barazani wanangoja adhuhuri. Mbele ya baraza ile kuna ukuta mfupi. Walichokiona juu ya ukuta ni nyayo mbili zimetangulia, kisha magoti, kisha uso wa mtu aliyelala, vinapita kimyakimya. Wazee wakasimama wote. Mmoja akasema innalillahi. Kwetu jeneza likipita hukai, na huulizi la nani mpaka umesimama. Naye Mwalimu, Mkristo wa watu, alipoona wazee wazima wanamsimamia, akadhani hiyo ndiyo heshima ya Ujiji kwa wageni. Akainua mkono: "Asanteni, wazee wangu! Kaeni, kaeni!"

Lo! Maiti anawaambia kaeni! Mzee mmoja alikimbia akaacha kiatu.

Ingekuwa mimi, ningefukuzwa kwa bakora na kuambiwa nimefanya mzaha na mauti. Yeye walimwita barazani, wakaizunguka ile baiskeli, wakamnywesha kahawa mpaka alasiri. Mtu Aliyetanguliza Miguu, ndivyo walivyomwita kule, na kila nilipopeleka vifaa Ujiji nilisalimiwa kwa kuulizwa habari zake. Hajambo yule mtu wenu? Mimi nimezaliwa mtaa wa pili kutoka baraza ile, na hakuna aliyeniuliza habari zangu.

Alikuwa na kasoro zake, na nitazitaja, maana baba alijifanya hazioni. Alitia chumvi kwenye mboga kabla ya kuonja, nyumbani kwetu, mbele ya mama aliyeipika. Aliogopa kuku. Alipenda kusifiwa, na akisifiwa alijifanya hajasikia ili usifu tena. Migebuka aliila kuliko sisi tuliozaliwa ziwani, mpaka kichwa alikifyonza, lakini ziwani kwenyewe hakutia hata unyayo. Tukienda Kibirizi kununua samaki alisimama juu, penye mawe, kamba za viatu zimefungwa, maji kayapa mgongo. Nikamtania mbele za watu: "Mwalimu, kwani maji yanauma?"

"Nimeyavuka mara moja, mdogo wangu," akasema. "Yananitosha."

Wauza samaki wote walinyamaza. Sikumtania tena kwa hilo. Lakini haki ya Mungu, hata pale nilimwonea wivu, kwa sababu mimi sijawahi kusema neno watu wakanyamaza.

Sasa nifike kwa baba, maana moto wenyewe uliwaka huko.

Baba ndiye aliyenifundisha kazi. Kiuno kilimgomea akiwa bado na nguvu za mikono, ikawa hawezi tena kuendesha. Shamba lake la michikichi lilikuwa huko upande wa Simbo, na kwa miaka minne, kila Alhamisi, mimi ndiye niliyempeleka, yeye kwenye keria juu ya magunia mawili yaliyokunjwa, mimi kwenye pedeli. Nyumbani baba hakuwa msemaji, na bandani alisema mambo ya spoku tu. Lakini kwenye keria, mdomo wake ukiwa karibu na mgongo wangu, alizungumza. Alinieleza alivyomposa mama akakataliwa mara mbili. Alinieleza ugomvi wake na kaka yake, uliodumu mpaka kaka akafa. Mlimani alishuka, akanishika bega, tukapanda pamoja kwa miguu. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na siku niliyokuwa mtoto ilikuwa Alhamisi. Nyingine zote nilikuwa fundi msaidizi.

Mwalimu alituona tukirudi siku moja. Akamtazama baba akishuka, kisha akasema, "Mzee anaumia."

"Nani kakwambia?" nikamjibu mimi.

"Mtazame meno."

Nikamtazama baba. Kweli, alikuwa ameyauma meno, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Miaka minne nimembeba na sikuwa nimegeuka hata mara moja kuona anavyoshuka, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshika usukani. Baba akasema si kitu, kazoea. Mimi nikamkasirikia Mwalimu kwa kuona.

Juma lililofuata akampima. Alimlaza baba barazani kwetu kwenye mkeka, nyayo zikagusa ukuta, mgongo ukaegemea gunia la maharage, akachora mistari ya mkaa sakafuni: hapa goti, hapa kiuno, hapa bega. Mama akatoka jikoni, akamkuta mumewe amenyooshwa anapimwa kwa kamba, akapiga ukelele. "Mtume! Mnampima mtu kaburi angali hai?"

"Tulia, bibi we," baba akasema akiwa chini. "Napimwa nirudi njiani."

Na akarudi. Alhamisi ya tatu baba yangu alitanguliza miguu, kwenye baiskeli yake mwenyewe, kazi ya Mwalimu. Walishika kijia cha Luiche, Mwalimu mbele na baba nyuma yake, wamelala raha mustarehe, wanaongea. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na magunia, matawi yananichapa usoni. Sauti ya baba niliisikia, maneno sikuyasikia. Nikamsikia anacheka. Mlimani walikwenda mwendo wa kinyonga, lakini baba hakushuka, na bega langu hakulishika mtu.

Mama akasema ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, akamwongezea Mwalimu mnofu. Nikamwambia wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

"Jembe la nini?" mama akanigeukia. "Huyu amempa baba yako miguu. Wewe umempa nini?"

Mama naye! Nilinawa mikono nikatoka bila kushiba.

Basi nikaamua kutengeneza yangu. Kwenye kazi yetu fundi haulizi fundi. Ukiuliza umekuwa mwanafunzi wake, na hadhi yako umeikabidhi. Fundi huiba kwa macho: unakaa kando, unajifanya unajaza upepo, unatazama. Baba alijifunza hivyo, nami alinifundisha hivyo. Mwalimu alipokwenda kula nikaipima baiskeli yake kwa shubiri, nikakata fremu, nikachomelesha, nikasuka kiti kwa tyubu zangu mwenyewe. Niseme ukweli, kiti changu kilikuwa kizuri kuliko chake.

Lakini jambo moja macho hayakuliiba. Baiskeli ile haina siti ya kupandisha na kushusha. Fremu inakatwa kwa miguu ya mwenyewe. Mwalimu alikuwa mrefu, kama mnazi. Mimi ni mtu wa kiasi. Siku ya kuitoa nilivaa shati safi, nikasimama juu ya mteremko wa Gungu watu wote wanione, nikalala, nikaachia breki. Pedeli nilizifikia kwa ncha za vidole. Zilizunguka mara moja, zikanikimbia, nami nikaburuzwa na kitanda changu mpaka mtaroni kwa mama muuza maandazi. Maandazi matatu yalinifuata humo.

Aliyekuja kunitoa ni Mwalimu. Hakucheka. Ingekuwa afadhali acheke. Alinifuta tope, kisha akasema kwa sauti ndogo wengine wasisikie, "Ungelala mkekani dakika mbili tu, mdogo wangu. Ningekupima." Kumbe muda wote alijua kwamba namwibia.

Kesho yake asubuhi akaniita pembeni ya banda, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa kibali chake. Muda wake ulikuwa umepita miezi miwili.

"Sijui nifanye nini," akasema. "Mzee sitaki kumtia wasiwasi. Wewe ni mwenyeji, unawajua watu. Ungenishauri."

Nadhani alitaka kunipa kitu baada ya aibu ya mtaroni. Mtu akikuomba ushauri amekuinua. Alinipa jambo ambalo baba hakulijua, ili na mimi niwe na langu. Nikaipokea siri yake, nikamwambia nitafikiri, na siku ya Jumatano nikaipeleka kwa balozi wa nyumba kumi.

Sitasema shetani alinipitia. Nilikwenda mwenyewe, nimekunywa chai, akili zangu timamu. Nikamwambia Balozi, kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa kuna mtu ambaye karatasi yake imekufa. Balozi akaniangalia. "Yule Mwalimu wa baba yako?" Nikasema sijui ni wa nani, mimi nimeleta taarifa tu, raia mwema. Alhamisi asubuhi askari wawili walimkuta chumbani kwake anafunga kamba za viatu, wakampandisha gari la kurudi kambini. Baba alikuwa amekwishaitoa baiskeli yake nje, anamngoja waende shamba. Aliletewa habari na yule mama mjane, akaisikiliza amesimama, kisha akairudisha baiskeli ndani.

Nikajua sasa Alhamisi zangu zimerudi. Baba aliendelea kuendesha peke yake kwa majuma machache, mimi nikimfuata, kisha ile cheni ndefu ikaanza kuruka meno. Nikaikaza, ikaruka. Nikapunguza pingili mbili, ikakatika. Chini ya kiti Mwalimu alikuwa ameweka kijigurudumu cha mti cha kuiongoza cheni, nacho kimelika; nikachonga kingine mara tatu, na mara zote tatu kikapasuka. Baba alinitazama nikihangaika. Mwishowe akakunja magunia mawili, akapanda kwenye keria.

Njia nzima hakusema neno. Nikaanzisha mimi. Nikamwuliza habari za kumposa mama, nikamwuliza habari za kaka yake. Akajibu, "Mh." Mlimani alishuka akapanda mwenyewe, mkono kiunoni, na nilipomsogezea bega akapita upande wa pili wa baiskeli. Ikawa hivyo kiangazi kizima. Nilikuwa nimeyapata yote niliyoyataka, baba mzima yuko nyuma yangu, na uzito wake ulinishinda kuliko magunia ya chikichi.

Mvua za kwanza ziliponyesha akaniita. "Pakia baiskeli yangu kwenye basi, uende kambini. Mwalimu aitazame cheni."

"Ndiyo, baba."

"Na umwulize swali langu moja. Ni nani aliyemsema kwa askari? Jibu lake uniletee kama atakavyolitamka. Usipunguze, usiongeze."

Akageuka, akaingia ndani.

Njiani kwenye basi niliomba nimkute amekonda, amechakaa, hana shughuli, ili walau nimhurumie. Kweli alikuwa amekonda. Lakini kifungo cha juu kilikuwa kimefungwa, na mbele ya kibanda chake cha tofali mbichi palikuwa na baiskeli tatu za kulala na watu wanne wanasuka viti. Mwanamke mmoja mwenye mguu mmoja mbovu alipita kwenye kijia cha bombani, amelala, dumu la maji limefungwa nyuma, anawapigia watu kelele wampishe. Hata kambini! Hata hapo nilipompeleka mimi!

"Fundi!" akaniita mbele ya watu wake, akainuka. "Mzee hajambo? Kiuno?"

Nikampa shikamoo, akaipokea. Akaigeuza baiskeli ya baba, akaona kile kijigurudumu changu kilichopasuka, akakitoa bila kukisema vibaya. Akanionyesha kwamba mti unachemshwa kwanza kwenye mawese, unaachwa siku tatu, ndipo unachongwa, akatoa kipande alichokuwa amekwishakichemsha. Alinionyesha waziwazi, akanishikisha kisu, akanirudisha nilipokosea. Nilijifunza mbele ya watu wanne, uso unaniwaka.

Kazi ilipokuwa inakwisha nikamwambia, "Baba ana swali. Anauliza ni nani aliyekusema kwa askari."

Mikono yake ilisimama kwenye cheni. "Amekutuma wewe uniulize hivyo?"

"Ndiyo."

Akanitazama. Siri ile, kabla sijaipeleka kwa Balozi, tulikuwa nayo watu wawili tu duniani, yeye na mimi, na wote tuliokuwa nayo tulikuwa tumesimama pale. Wallahi, nilitaka anitaje. Nilitaka anitukane, wale watu wake waache viti vyao wanishike. Hapo ningekuwa nimeadhibiwa, na ningerudi nyumbani na haki ya kumchukia.

"Mwambie Mzee hakuna aliyenisema," akasema. "Nilikutana na askari sokoni, wakaniuliza karatasi, sikuwa nayo. Kosa ni langu."

"Mwalimu, walikukuta chumbani."

"Mimi wa kunisaidia kazi ninao, unawaona. Mzee mtoto anaye mmoja." Akanifungia baiskeli kwa kamba tayari kwa safari, fundo juu ya fundo. "Mwambie sokoni."

Nilirudi kesho yake. Baba alikuwa barazani, mguu mmoja kaunyoosha. Nikamweleza kila neno, sikupunguza, sikuongeza: sokoni, karatasi, kosa ni langu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta baiskeli karibu, akaizungusha pedeli kwa mkono, cheni ikapita yote bila kuruka jino hata moja.

"Balozi aliniambia juma lile lile," akasema. "Nilijua ni wewe. Na nilijua yeye hatakutaja."

Akaomba maji, nikamletea, akanywa. Halikuzungumzwa tena nyumbani kwetu mpaka tulipomzika baba. Watu niliowasimulia hufikiri kinachonichoma ni lile la kwanza, kwamba baba alijua. Hilo nimelizoea. Ni lile la pili. Alitujua sote wawili sawasawa, hakukosea hata mmoja, na mpaka leo namwonea wivu yule mtu kwa jinsi baba yangu alivyomjua.